Daisetsuzan, Kyushu au Fuji: kuchagua safari ya kuongozwa kwenye milima ya volkano ya Japani

Kilele cha juu kabisa cha Daisetsuzan, kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, kina mita 2,291. Hakifiki hata nusu ya Kilimanjaro. Hata hivyo, Julai 2009, katikati ya kiangazi, msafara mmoja wa watalii wenye viongozi wao ulipoteza watu wanane kwenye milima hiyo, na kilichowaua ni baridi. Fuji, yenye mita 3,776, hupandwa kila mwaka na wastaafu na watoto wa shule. Kwa hiyo ukiwa na matangazo matatu mezani, urefu wa kilele hautakusaidia kuchagua. Anza na swali jingine: usiku utalala wapi? Kitanda ndicho kinachoamua uzito wa begi, begi linaamua mwendo, na mwendo unaamua kama dhoruba itakukuta ndani au nje.

Tunalinganisha safari tatu ambazo hazifanani hata kidogo: kuvuka Daisetsuzan kwa siku tatu au nne, kuzunguka volkano za kisiwa cha kusini cha Kyushu, yaani Kuju, Aso na Kirishima, kwa siku tano hadi saba, na Fuji kwa siku mbili au tatu.

Vigezo

Zote zitapimwa kwa mizani ileile: kitanda na mzigo, kazi ya miguu, msimu, volkano na hali ya hewa, njia ya kutokea mambo yakiharibika, na kazi halisi ya kiongozi. Bei tumeiweka pembeni makusudi. Hubadilika kila mwaka, na mara nyingi hufuata vitu viwili tu: aina ya malazi, na idadi ya wateja kwa kila kiongozi. Ukiona safari mbili za njia moja zinapishana bei sana, uliza hayo mawili kwanza.

Yanayohusu zote tatu

Aliyezoea Kilimanjaro ajue kwamba Japani mambo ni tofauti. Kule sheria haikulazimishi kuwa na kiongozi, na hakuna jeshi la wapagazi linalokutangulia na hema na sufuria. Begi lako ni la mgongo wako. Kiongozi ni chaguo, na unamlipia maamuzi yake zaidi ya nguvu zake. Uliza kama ana cheti cha Chama cha Viongozi wa Milima cha Japani (JMGA), au kwa Hokkaido, cheti cha ukiongozi kinachotolewa na mkoa wenyewe.

Pili, volkano. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Japani inahesabu volkano hai 111, na zile zinazofuatiliwa kwa karibu hupewa kiwango cha tahadhari kuanzia 1 hadi 5. Kiwango cha 2 ni kutokaribia kreta, yaani mdomo wa volkano, cha 3 ni kutoingia mlimani. Cha 1 ndicho kinachowapotosha watu. Tarehe 27 Septemba 2014 mlima Ontake ulilipuka karibu na saa sita mchana, siku ya Jumamosi, kilele kikiwa kimejaa watu waliokuja kuona majani ya vuli. Ulikuwa kwenye kiwango cha 1. Walikufa watu 58, na watano hawakuonekana tena. Baada ya hapo neno la kiwango cha 1 likabadilishwa: zamani lilisema “kawaida”, sasa linasema ukumbuke kwamba hii ni volkano hai. Kofia ngumu ndani ya begi si mapambo.

Tatu, chakula. Kwenye nyumba za wageni na vibanda vya milimani, nyama ya nguruwe na mvinyo wa mchele wa kupikia vinaweza kuwa ndani ya mchuzi bila kutajwa. Kwa anayekula halali, kusema “sili nguruwe” ukifika mezani ni kuchelewa. Taarifa itolewe siku ya kuweka nafasi, na vibanda vingi vya juu haviwezi kabisa kubadili sahani. Beba tende, karanga na mkate wako.

Na viza: wenye pasi za Tanzania na Kenya wanaihitaji, na ombi lake hudai ratiba ya siku kwa siku. Waombe waandaaji wakuandikie hiyo ratiba mapema.

Daisetsuzan (Hokkaido)

*Kitanda na mzigo.* Vibanda vya huku ni vya dharura: sakafu ya mbao, kuta, paa, basi. Hakuna mpishi, godoro wala blanketi. Usivifananishe na vibanda vya Mandara au Horombo vya njia ya Marangu, Kilimanjaro. Kibanda cha Hakuundake huwa na msimamizi wakati wa kiangazi. Cha Hisagonuma, ambako hulalwa usiku wa pili, ni cha kujihudumia. Kikijaa, mnapiga hema nje. Kila mtu hubeba mfuko wa kulalia, mkeka wa kulalia, jiko, chakula cha siku zote na cha siku moja ya akiba, na maji lita 2 hadi 3. Jumla ni kilo 13 hadi 16. Mitungi ya gesi na dawa ya kumpulizia dubu haviruhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo hakikisha waandaaji watakupatia vyote viwili mkiwa mjini Asahikawa.

Maji yanastahili maelezo. Mbweha wa Hokkaido hubeba mnyoo aitwaye ekinokokasi, ambaye mayai yake huingia mtoni na kwenye theluji inayoyeyuka. Akishaingia mwilini hukaa miaka mingi akiharibu ini kimyakimya. Vidonge vya klorini si kinga ya kutegemea kwa mayai hayo. Chemsha, au tumia chujio la milimani. Choo nacho: sehemu kubwa ya njia haina, unatumia mfuko maalumu na unashuka nao. Wengi hushtuka kusikia hivyo, halafu siku ya pili wanazoea.

*Miguu.* Siku ya kwanza kamba ya angani (behewa linaloning'inia kwenye waya) inakupandisha hadi Sugatami, mita 1,600. Kutoka hapo ni saa mbili na nusu za changarawe hadi Asahidake, kile kilele cha mita 2,291, kisha ukingo wa kaldera ya Ohachidaira (bonde kubwa lililobaki volkano ilipoporomoka) mpaka Hakuundake. Siku ya pili ni ndefu lakini tambarare, kupitia uwanda wa Takanegahara. Ya tatu ndiyo inayovunja watu: kupanda Tomuraushi (mita 2,141) juu ya mawe makubwa yanayoteleza, halafu mteremko wa matope hadi chemchemi ya Tomuraushi. Saa 9 hadi 10, na begi lileile.

*Msimu.* Julai hadi katikati ya Septemba. Mapema Julai bado kuna mabaka ya theluji njiani. Mwishoni mwa Septemba theluji mpya inaanza. Hokkaido haina msimu rasmi wa mvua za Juni kama sehemu nyingine za Japani, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

*Volkano na hewa.* Ndani ya Ohachidaira kuna chemchemi inayotoa gesi ya sumu, na kuingia ni marufuku; njia inapita ukingoni. Tokachidake, mwisho wa kusini wa safu hiyo, ililipuka mwaka 1988 na 1989. Lakini hatari ya kila siku ni upepo. Hokkaido iko kaskazini sana, kiasi kwamba mita 2,000 za huku zina hali ya hewa ya mita 3,000 za katikati ya Japani. Juu ya mita 1,600 hivi hakuna mti wa kujikinga.

Tuangalie 2009 kwa karibu, maana makosa yake yanaweza kurudiwa na yeyote. Msafara ulitoka Hisagonuma alfajiri kwenye mvua na upepo mkali, kwa ratiba isiyo na siku ya akiba. Karibu na ziwa Kitanuma maji yalikuwa yamefurika juu ya njia. Watu wakalowa wakivuka, kisha kundi zima likasimama muda mrefu kwenye upepo likisubiri waliozidiwa. Kusimama ndiko kulikomaliza. Mwili uliolowa hupoteza joto upesi, na mtu aliyepoa kupita kiasi huacha kutetemeka, huanza kuongea ovyo, na hakumbuki kuvaa sweta lililo ndani ya begi lake mwenyewe. Vaa nguo ya joto kabla hamjatoka kibandani, kula ukitembea, na fulana za pamba ziache hotelini.

*Njia ya kutokea.* Siku ya kwanza unaweza kukatisha kupitia mlima Kurodake na kushuka kwa viti vya kamba, kisha kwa kamba ya angani, hadi kijiji cha Sounkyo. Kurudi Asahidake kwenye ukungu kuna mtego wake: chini kidogo ya kilele kuna jiwe linaloitwa Kinko, yaani kasha la fedha, ambapo njia hupinda, karibu yake liko jingine linalofanana nalo, na watu wamepotelea hapo. Ukishafika Hisagonuma hakuna njia fupi. Kila upande ni mwendo wa siku nzima.

*Kiongozi.* Kazi yake kubwa ni kusema “leo hatutoki”. Uliza: ratiba ina siku ya akiba? Kiongozi ana ruhusa ya kuitumia bila kupiga simu ofisini? Anajua njia hiyo mwenyewe, au ndiyo mara yake ya kwanza? Kundi la wanane na kiongozi mmoja hapa ni kubwa mno. Mmoja akiumia hakuna wa kubaki naye. Dubu wa kahawia nao wapo kweli, na kiongozi mzuri hataruhusu hata ganda la pipi lilale nje ya kibanda.

*Anayefaa.* Aliyewahi kulala kwenye hema na kubeba mzigo wake kwa siku mbili mfululizo. Asiyewahi, ajaribu kwanza nyumbani na kilo 14 mgongoni.

Kyushu: Kuju, Aso, Kirishima

*Kitanda na mzigo.* Kila usiku ni nyumba ya wageni yenye godoro, chakula cha jioni na asubuhi, na bwawa la maji moto. Begi la siku ni kilo 5 hadi 7. Sanduku kubwa linatumwa kwa gari hadi mnapolala. Usiku mmoja tu ndio wa kubeba vitu vyako: ule wa Hokkein, nyumba ya chemchemi iliyo kwenye mita 1,303 katikati ya Kuju, isiyofikiwa na gari la wageni. Unaoga uchi, wanaume kwao na wanawake kwao, na unajisafisha kwa sabuni kabla ya kuingia majini. Mwenye michoro ya ngozi (tatuu) aulize mapema, baadhi ya mabwawa humkataa.

*Miguu.* Saa 4 hadi 7 kwa siku, na kila siku ina mlango wa kuipunguza. Kutoka Chojabaru hadi Hokkein, kupitia kinamasi cha Bogatsuru, ni saa mbili na nusu hivi. Kesho yake unachagua Taisenzan, Kujusan, au Nakadake wenye mita 1,791, kilele cha juu zaidi cha Kyushu ukiacha visiwa vyake. Aso ni kaldera ya kilomita 25 kwa 18 ambayo watu wanaishi na kulima ndani yake. Mtanzania aliyeona Ngorongoro ataielewa haraka, isipokuwa huku kuna treni na mashamba ya mpunga. Takachiho-no-mine, kule Kirishima, ni fupi lakini yenye hasira: mteremko wa changarawe nyekundu unaokurudisha hatua moja kwa kila mbili. Huko vifuniko vya viatu vinahitajika kuliko fimbo.

*Msimu.* Aprili hadi Novemba mapema. Azalea za pinki ziitwazo miyamakirishima huchanua mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni, na ndizo zinazojaza nyumba za wageni. Tatizo ni kwamba mvua za msimu huanza mwanzoni mwa Juni. Wiki ya mwisho ya Mei ni kamari nzuri. Julai na Agosti ni joto na unyevu wa Dar es Salaam ya Machi, na vimbunga huja kuanzia hapo hadi Oktoba.

*Volkano na hewa.* Hapa ndipo volkano zinapofanya kazi waziwazi, na ratiba ndiyo inayolipa. Kreta ya Nakadake ya Aso (jina moja na kilele cha Kuju, usichanganye) hufungwa na kufunguliwa mara kadhaa kwa siku kufuata upepo wa gesi ya salfa. Wenye pumu, maradhi ya moyo au ya mapafu huzuiwa kabisa kukaribia, si ombi. Shinmoedake ya Kirishima ililipuka 2011, 2018 na tena Juni 2025, ndiyo maana safari ya kuunganisha Karakunidake hadi Takachiho-no-mine kwa mguu, inayoonekana tamu sana kwenye ramani, usiiamini mpaka uangalie tangazo la wiki hiyo. Kwa upande mwingine, Kyushu haina dubu. Serikali ilitangaza mwaka 2012 kwamba wametoweka.

*Njia ya kutokea.* Barabara iko saa mbili au tatu kutoka karibu kila mahali.

*Kiongozi.* Huku njia zina alama na hupotei kirahisi. Unachokilipia ni gari na mbadala. Mabasi kati ya Kuju, Aso na Kirishima ni machache, na asubuhi kreta ikifungwa, kiongozi mwenye gari anakupeleka kilele kingine kabla ya saa nne; asiye nalo anakupeleka makumbusho. Uliza kwa maandishi: Aso ikifungwa tunakwenda wapi, na Kirishima je?

*Anayefaa.* Familia au marafiki wenye nguvu tofauti, anayesafiri na mzazi, na yeyote anayetaka kuoga maji moto kila jioni.

Fuji

*Kitanda na mzigo.* Usiku mmoja kwenye kibanda kati ya mita 3,000 na 3,400, bega kwa bega na wageni, mara nyingi kwa sahani ya wali na kari. Taa huzimwa mapema, na kelele za kuamka zinaanza saa saba usiku. Usitarajie usingizi. Begi ni kilo 6 hadi 8: koti la mvua na suruali yake, nguo ya joto, tochi ya kichwani, glavu, maji, na sarafu za yeni 100, kwa sababu vyoo vinalipiwa.

*Miguu.* Kutoka kituo cha tano cha njia ya Yoshida (mita 2,305) ni saa 6 hivi kwenda juu na 4 kushuka, zikigawanywa siku mbili. Toleo la siku tatu linaanzia chini kabisa, kwenye hekalu la Sengen mjini Fujiyoshida, na kupita msituni. Kwa maoni yetu hilo ndilo linalostahili kuitwa safari. Ni kimya, na mwili unapata siku ya ziada ya kuzoea hewa nyembamba.

*Msimu.* Njia ya Yoshida hufunguliwa 1 Julai hadi 10 Septemba, nyingine tatu 10 Julai hadi 10 Septemba. Nje ya hapo vibanda vimefungwa, na safari inakuwa ya wataalamu.

*Volkano na hewa.* Ililipuka mara ya mwisho 1707. Kinachosumbua ni kimo: kichwa kuuma, kutapika, hasa kwa waliopanda basi hadi kituo cha tano na kuanza kutembea papo hapo. Kaa pale saa moja kwanza. Kileleni joto la wastani la Julai na Agosti ni nyuzi 5 au 6, na upepo unaligeuza kuwa chini ya sifuri.

*Njia ya kutokea.* Ni kushuka tu, lakini angalia alama. Yoshida na Subashiri hushuka pamoja mpaka kituo cha nane, kisha zinaachana. Kwenye ukungu wengi hufuata watu wa mbele na kutokea mkoa mwingine, mbali na basi lao. Alama za Yoshida ni njano, Subashiri nyekundu, Gotemba kijani, Fujinomiya bluu.

*Kiongozi.* Njia haipotezi mtu anapopanda, kwa hiyo wengi huuliza kuna haja gani. Anashikilia mwendo wa polepole, anapata nafasi ya kibanda, na anashughulikia malango: tangu 2025 njia zote nne hutozwa yeni 4,000 kwa mtu, na asiye na nafasi ya kibanda hapiti kati ya saa 8 mchana na saa 9 usiku. Uliza kundi ni la wangapi. Makundi ya watu thelathini kwa kiongozi mmoja yapo.

*Anayefaa.* Mwenye siku chache, asiye na vifaa, na anayetaka kilele chenye jina.

Kwa hali yako

Kalenda inaondoa nusu ya uchaguzi. Likizo ikiwa Mei au Oktoba, inabaki Kyushu peke yake. Ikiwa Agosti, Daisetsuzan na Fuji ziko wazi, na Kyushu itakutoa jasho. Wiki ya pili ya Septemba ni ya Daisetsuzan, milima ikiwa myekundu, ila beba nguo za baridi kana kwamba theluji imetabiriwa.

Una pumu? Fuji au Daisetsuzan kwa ruhusa ya daktari; Kyushu inawezekana ukiruka kreta ya Aso. Magoti yanasumbua? Epuka siku ya tatu ya Daisetsuzan na epuka njia ya Gotemba ya Fuji. Kuju ina miteremko mifupi zaidi. Umepanda Kilimanjaro na unadhani kimo hakikusumbui: vizuri, lakini kule Kilimanjaro wewe hukubeba kilo 15, kwa hiyo hiyo si tiketi ya Hokkaido.

Kundi lenye mmoja dhaifu na wanne wenye nguvu liende Kyushu, au ligawanyike. Kulipeleka Daisetsuzan kwa matumaini kwamba dhaifu atajikaza ndiko kunakoleta kusimama kwenye upepo.

Na ukibaki na mbili unazozipenda sawasawa, waandikie waandaaji wa zote mbili swali moja: siku ya pili hali ya hewa ikiharibika, nani anaamua, na pesa za usiku wa ziada zinatoka wapi? Atakayekujibu kwa jina la kibanda na kiasi cha fedha amewahi kukwama huko.